Kipaza Sauti cha Wifi Yangu

Wifi yangu ana sauti. Sisemi ana sauti nzuri, maana nimeshamsikia akiimba na sina hamu ya kumsikia tena. Nasema ana sauti kubwa. Akimwita mwanawe aje kula, watoto wa mtaa wa pili nao hunawa mikono. Mume wangu, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, husema kwamba siku alipozaliwa mkunga aliziba masikio kwanza ndipo akakata kitovu. Mume wangu ni mtu wa kutia chumvi, lakini ukimsikia wifi akikuamkia asubuhi utaona kuwa safari hii chumvi haikuzidi.

Watu wa mji humwita Tarumbeta. Jina hilo alilipata stendi, enzi zile alipokuwa akitangaza mabasi yanayoondoka, na halimkeri hata kidogo. Anajivuna nalo. Kwa sauti hiyo ndiyo alipata kazi ya maana kuliko zote alizowahi kufanya, kazi ya kutangaza kanuni za Tume.

Tume yenyewe ina jina refu lenye leseni na biashara na utulivu ndani yake, ila sisi twaiita Tume tu. Ndiyo inayoamua nani auze nini wapi, fundi seremala atandaze mbao zake hadi wapi barabarani, na mashine ya nani ingurume saa ngapi. Ofisi yake iko ghorofa ya juu ya jengo la idara ya maji. Kuna ukumbi mmoja wenye mabenchi, meza ndefu ya wajumbe, na feni ambayo haizunguki mpaka mtu aisukume kwa mpini wa ufagio. Mwenyekiti ni mama mrefu aliyekuwa mwamuzi wa mpira kabla ya kustaafu. Mtu akimkatiza mwenzake, mkono wa mama huyo huenda mfukoni wenyewe, na ukumbi mzima hukaa kimya ukisubiri kadi.

Tume hii ina desturi yake ambayo sijaisikia kwingine. Kanuni haipigiwi kura kabla haijatangazwa kwa mdomo kwenye mlango wa kila mtu itakayemgusa. Karatasi za ukutani hazihesabiwi. Waliotunga utaratibu huo waliona kwamba wengi hawasomi karatasi za ukutani, na wanaosoma hudai hawakusoma. Baada ya tangazo hupangwa siku ya kusikiliza, na mwenye pingamizi husimama akasema yake mpaka yaishe, hata kama anarudia yaleyale. Kura huja mwisho kabisa.

Kwa hiyo wifi yangu ndiye aliyezunguka milangoni, na siku ya kusikiliza yeye ndiye aliyeita zamu. Kazi hiyo aliichukulia kwa uzito ambao wakati mwingine ulinichosha. "Wifi," aliniambia siku moja akiwa amekunja uso kama jaji, "mimi nisipofika kwa mtu, wale wakubwa wote pale juu wanasikiliza kuta." Na mambo ya Tume hakuyaleta nyumbani. Alikula kiapo, naye kiapo chake hakukitafsiri kwa kujipendelea. Ukimuuliza habari za kikao, atakuuliza habari za watoto.

Hapa niwaeleze kidogo kuhusu nyumba niliyoolewa. Ni nyumba ya mashine ya kusaga. Baba mkwe aliiweka mashine hiyo chumba cha mbele, akaisimamia yeye na mkewe maisha yao yote, na alipofariki akairithi mume wangu. Masikio ya Mama, yaani mama mkwe wangu, yalibaki mle mashineni. Husikia radi, tena kwa tabu. Lakini hakuna mtu anayejua mengi kama yeye, kwa sababu katika nyumba ile watu wote hujifunza kusema kwa midomo kabla ya kujifunza kusema kwa sauti. Mashine ikinguruma, sauti ya nini? Unamtazama mwenzako, unachezesha midomo, anasoma, anakujibu.

Nilipoingia pale nikiwa bi harusi nilidhani nimeolewa kwa wachawi. Watu wamekaa mezani, midomo inacheza, sauti haitoki, halafu ghafla wote wanaangua kicheko na wanatazama sahani yangu. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba wakwe wananisengenya nikiwa hapohapo. Ilikuwa kweli wananisengenya, ila hawakunisengenya mimi, walisengenya wali wangu. Nami nikajifunza, nikawajibu. Siku hizi naweza kumgombeza mume wangu kutoka upande wa pili wa arusi na wageni wakadhani natafuna. Hata wateja wa siku nyingi wamejua. Utawaona wamepanga ndoo zao mlangoni, mashine inatikisa ukuta, nao wanaagiza unga laini au wa chenga kwa midomo mitupu.

Turudi kwa Tarumbeta. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiiomba Tume imnunulie kipaza sauti cha mkono. Alisema koo linamkwaruza, alisema mji umekua, alisema hata muuza dawa ya panya anacho. Tume ikawa inasema tutaona. Siku walipoona, alikuja kwangu mbio nacho kifuani kama mtoto mchanga. Kilikuwa cheupe, kina mkanda wa kuning'iniza begani, na mdomo mpana kama sufuria ya kupikia familia. Kilikuwa pia na kitufe cha king'ora, ambacho alikibonyeza palepale sebuleni kwangu, na kuku wangu mmoja hajatulia mpaka leo. Mwenyekiti alikuwa amemkabidhi mbele ya wajumbe wote, wakampigia makofi. Sikumbuki kumwona na furaha ile hata siku ya arusi yake.

Muda si mrefu binti yangu akajifungua, nikasafiri kwenda kumwuguza. Nilikaa huko mpaka mjukuu akaanza kucheka. Niliporudi, nimebeba mabegi na habari tele za mjukuu, nikakuta mlango wa mashine una kufuli la Tume, na juu ya kufuli lakiri nyekundu. Mume wangu alikuwa amekaa kibarazani juu ya gunia tupu. Mume wangu huwa mweupe wa unga kuanzia nyusi mpaka viatu. Siku hiyo alikuwa msafi, na usafi ule ulinitisha kuliko lakiri.

Nikapata habari yote. Mkabala na mashine yetu anakaa Nesi, mwanamke mpole asiyeongea sana, anayefanya kazi zamu ya jioni na kurudi nyumbani usiku wa manane. Mume wangu naye huwasha mashine saa kumi na moja alfajiri. Nesi aliona haya kuja kumwambia, akapeleka ombi Tume, kama alivyo na haki ya kufanya. Tume ikaandaa kanuni, kwamba katika mtaa wenye makazi mashine isiwashwe kabla ya saa nne asubuhi. Ikatangazwa. Siku ya kusikiliza ikafika, na kwa upande wa mashine hakusimama mtu. Kwa hiyo ikapita vilevile ilivyoandikwa. Alfajiri ya kwanza ya kanuni hiyo mume wangu akawasha mashine kama kawaida, mkaguzi akamkuta, akamwekea lakiri.

Sasa alikuwa ameitwa kujieleza. Ikionekana kwamba alitangaziwa akakaidi, leseni ingefutwa moja kwa moja, na mashine ya baba mkwe ingekuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Ikionekana hakutangaziwa, mambo yangerudi mwanzo. Yote yalisimama juu ya swali moja, kama aliambiwa au hakuambiwa.

"Sikuambiwa," alisema mume wangu. Namjua. Hutia chumvi kwenye hadithi, lakini uongo wa kujiokoa hauwezi. Majirani nao hawakumwambia neno, kwa sababu nani angejisumbua kumpelekea kaka yake Tarumbeta habari za Tume?

Sikuvua hata viatu. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, nikamkuta anachambua mchele, na sikumpa nafasi ya kuniuliza habari za mjukuu. Nilimwuliza ni dada gani anayemfungia kaka yake mashine ya baba yao. Mengine niliyosema hayaandikiki. Akaendelea kuchambua mchele kwenye sinia mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nilitangaza, wifi," akasema. "Nilisimama mlangoni pa mashine, kaka alikuwa ndani anamimina mahindi, akanitazama kabisa. Nikatangaza mara tatu. Mbwa wa mtaa mzima walisikia."

"Kaka yako hakusikia."

"Basi mwongo ni nani kati yetu?" Akaliweka lile sinia chini. "Nikisema hakusikia, watasema namwokoa ndugu yangu. Nikisema alisikia, nimemzika. Ningezaliwa peke yangu ningekuwa nalala."

Nilikuja na hasira yangu kamili, nikaondoka nayo nusu. Yule hakuwa anasema uongo. Na mume wangu hakuwa anasema uongo. Nilitembea nikijiuliza watu wawili wanawezaje kuwa wakweli juu ya mlango mmoja.

Jumapili iliyotangulia kikao, Mama alituita sote kula kwake. Hakutuuliza kama tunataka. Ndugu hao wawili walikaa pande mbili za meza, midomo imebanwa, na katika ukoo ule mtu akibana midomo amefunga duka kweli kweli. Mama alitazama huku, akatazama kule. Mwishowe akasema amechoka kula na maiti, na kwamba anataka kujua siku ile ilikuwaje hasa. Mume wangu akaeleza yake kwa ufupi. Wifi akasema yeye hawezi kueleza, ataonyesha. Akakichukua kipaza sauti chake kwenye msumari, akaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, akakiweka mdomoni, akatangaza ile kanuni mwanzo mpaka mwisho. Vijiko vilicheza ndani ya vikombe.

Mama alimtazama kwa heshima zote, kichwa kaweka upande. Tangazo lilipokwisha akasema, "Toa hilo dude mdomoni, mwanangu, nikuone unasema nini."

Mume wangu aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikausahau hewani. Wifi alikishusha kile kipaza sauti polepole, akageuza ule mdomo mpana ukamtazama yeye, akauangalia kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu. Kisha akachukua mtandio wake akatoka, na chakula chake akakiacha.

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilitaka kumkimbilia njiani nimwambie, haya, umeona mwenyewe, nenda ukaseme. Mume wangu akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Tukimpangia la kusema, tumemfundisha ushahidi. Atafanya mwenyewe, au hatafanya."

Hilo "hatafanya" lilininyima usingizi. Fikiria mwenyewe. Kile kipaza sauti alikililia miaka. Alipigiwa makofi. Sasa aende mbele ya watu walewale awaambie kwamba zawadi yao ndiyo iliyomzibia mdomo, na kwamba yeye, mtoto aliyezaliwa mashineni, alisahau jinsi watu wa mashine wanavyosikia. Na akishasema hayo, nusu ya mji imwambie ni hadithi ya kumwokoa kaka. Angeweza kusema tu kwamba alitangaza, na asingekuwa amedanganya.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Wateja wetu walikuja na ndoo zao, maana walitoka nyumbani na matumaini. Mtu akaisukuma feni. Nilimwona wifi hayuko mahali pake pa kuita zamu, bali amekaa benchi la mashahidi na kipaza sauti mapajani. Alikuwa amemwomba Mwenyekiti mtu mwingine aite zamu siku hiyo, kwa kuwa mwenye kuitwa ni kaka yake.

Nesi aliitwa kwanza. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amelalamika kwa haki na hataki mtu afunge kazi. Mwanasheria wa Tume, kijana mwenye tai iliyonyooka kuliko yeye, akamwomba aongeze sauti, lakini hakuwa na ya kuongeza. Akaja mume wangu, akasema hakuambiwa. Mwanasheria akamwuliza inawezekanaje mtu asisikie chombo kile, na watu wakacheka, na mume wangu naye akacheka kidogo kwa sababu kweli swali lilikuwa zuri.

Halafu akaitwa wifi yangu. Alisema kwa sauti ya chini, na watu ikabidi wainame mbele kumsikia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nilitangaza. Lakini sikumfikia."

Akaeleza. Kwamba mashine ikiwaka hakuna sikio linalofanya kazi mle ndani. Kwamba wao husikia kwa macho, na zamani alikuwa akitangaza mdomo wazi, ndiyo maana hawakukosa hata tangazo moja. Kwamba siku ile kaka yake alimtazama kweli, na alichokiona ni sufuria nyeupe yenye miguu. Alidhani dada yake amekuja kumwonyesha kipaza sauti kipya, akampungia mkono, naye wifi akauhesabu ule mkono kuwa ni jibu.

Ukumbini yakazuka manung'uniko. Mwanasheria akasimama, akasema kwa adabu kwamba anamheshimu sana shahidi, ila shahidi ni dada wa mshitakiwa, na ushahidi wa dada kwa kaka husimama kwa mguu mmoja. Mkono wa Mwenyekiti ulikuwa tayari mfukoni. Mimi nilikuwa tayari kusimama nimwambie kijana yule mambo mawili matatu juu ya tai yake. Wifi akaniwahi.

"Mwanasheria ana haki," akasema. "Msiniamini. Twendeni mashineni mkaone wenyewe. Na maneno ya kutangaza asichague mtu wa kwetu. Achague Nesi."

Mwenyekiti alimtazama Nesi, Nesi akaitikia kwa kichwa. Wajumbe wakashuka ngazi, na ukumbi mzima ukawafuata, ndoo zikigongana.

Mkaguzi alivunja lakiri mbele ya wote. Mume wangu aliingia, akaipapasa mashine shingoni kama ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, akaiwasha. Wale wajumbe ambao hawakuwahi kuingia mle waliziba masikio kwa viganja. Vumbi la miezi ya kazi lilianguka kutoka kenchini likatua juu ya suti. Mume wangu akapanda pale anapomimina mahindi, uso wake mlangoni, kama alivyokuwa siku ile, na mwanasheria akasimamishwa kando yake asikilize naye.

Nje, Nesi alimvuta wifi pembeni. Alifikiri sana. Alianza kusema, akaacha, akaanza tena, kisha akamnong'oneza sikioni. Wifi hakuonyesha kitu usoni. Akaja akasimama mlangoni, akakiweka kipaza sauti mdomoni, akatangaza kwa nguvu zake zote. Niliona mishipa ya shingo ikisimama. Ndani ya chumba kile hakikufika kitu ila mngurumo juu ya mngurumo. Mwenyekiti akamwuliza mume wangu kwa ishara, naye akatikisa kichwa. Akawauliza wateja, wakatikisa vichwa. Akamwuliza mwanasheria, naye akafikiri kidogo, akatikisa kichwa, unga ukamdondoka nyusini.

Ndipo wifi akakitupia kipaza sauti mgongoni. Akamtazama kaka yake. Akachezesha midomo tu. Sauti hakutoa, hata pumzi sidhani. Mimi nilikuwa nimesimama mahali ninapomwona, nikayasoma yale maneno, na nilishindwa kuendelea kuwa na hasira na mtu yeyote.

Mume wangu aliacha kumimina. Akaweka debe chini, akanyoosha mkono, akaizima mashine. Mkanda ulizunguka, ukazunguka, ukasimama. Hakumtazama dada yake wala Mwenyekiti. Alimtazama Nesi, aliyekuwa nyuma ya watu wote.

"Amesema, 'Jirani, sina ugomvi na wewe. Mimi nataka kulala tu.'"

Mwenyekiti akageuka. "Ndiyo maneno yako?"

Nesi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa analia, na alionekana kushangaa kwamba analia.

"Mbona hukuniambia siku zote?" akauliza mume wangu.

"Niliona haya, baba."

"Basi leo nimesikia."

Mwanasheria ndiye aliyesema kwanza, na nilimsamehe tai yake papo hapo. Alisema yeye ameridhika, tangazo halikufika, na kwamba angeomba litangazwe upya. Mwenyekiti akaamua hivyohivyo palepale mlangoni, kwamba mashine isifungwe tena, kanuni irudi mwanzo, watu wasikilizwe. Na ili isitokee tena, Tume ikaongeza kipengele kwenye utaratibu wake, kilichoandikwa na mwanasheria mwenyewe, kwamba tangazo halihesabiwi limefika mpaka aliyetangaziwa alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Kupunga mkono si jibu.

Siku ya kusikiliza ya pili, mume wangu alisimama. Alisema wateja wake hutaka unga kabla ya kwenda kazini, na Nesi akainuka akasema kwa sauti yake ileile ndogo, ambayo sasa watu walikuwa wameizoea, kwamba saa nne hakuiomba yeye, wala hajui ilitoka wapi. Wajumbe wakatazamana. Ikawa saa mbili, na mume wangu akakubali kuikalisha mashine juu ya mipira isitikise kuta za watu. Mambo yaliyotuvua nguo miezi miwili yalikwisha kabla feni haijapata joto.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema mpaka leo, kwamba Tarumbeta alimwokoa kaka yake. Wifi akiwasikia huwajibu jambo moja tu, wamwulize Nesi. Kipaza sauti alitaka kukirudisha, Mwenyekiti akakataa, akasema mchezaji hatupi kiatu kwa sababu ya mpira mmoja. Kwa hiyo yuko nacho. Stendi anakitumia, sokoni anakitumia. Akifika mlango wa mashine anakitupa mgongoni, anasimama mbele ya mtu, na haondoki mpaka arudishiwe.

Amekuwa tabu, lakini. Juzi alipita kwangu kuniambia Mama anatuita Jumapili. Nikamwambia sawa. Akabaki amesimama.

"Rudia, wifi."

"Mama anatuita Jumapili."

"Saa ngapi?"

Sikuwa nimesikia saa. Akaondoka anacheka, mtaa mzima unamsikia.

Na Nesi amejifunza midomo. Haikumchukua muda, kwa sababu watu wasio na sauti ndio hujifunza upesi. Asubuhi, baada ya saa mbili, mashine ikiwa imeshakolea, hufungua dirisha lake la upande wa pili wa barabara, nywele bado hazijachanwa, akamtazama mume wangu kupitia vumbi la unga na kusema neno moja. Nami nikiwa pale nalisoma. Husema, "Nimelala."

Mume wangu humjibu kwa sauti ya juu kabisa, ambayo hakuna anayeisikia, kisha anaendelea kumimina mahindi.